Kitalu cha miche ya dawa njia ya Mikindani, nimenunua mara tatu sasa

Wana Mtwara wenzangu, anayetafuta miche ya mchaichai, mlonge, kivumbasi, mnanaa, shubiri na vingine vya aina hiyo, kuna mama ana kitalu barabara ya kwenda Mikindani. Hana bango, utaona tu viriba vyeusi vimepangwa chini ya mwembe. Nimeshanunua kwake mara tatu toka mvua za mwaka jana zianze.

Nilienda kwa ajili ya mama yangu, ana presha, na alikuwa ananunua majani makavu ya mlonge kwa wapita njia, kifuko buku mbili, majani yenyewe yameshapauka kama nyasi na hujui yameanikwa wapi, nikaona hapana, bora tuoteshe wenyewe nyumbani. Nimefika pale nikasalimia shikamoo mama nataka mlonge, basi kabla hata hajaniambia bei akaniuliza unamtafutia nani, anaumwa nini, hospitali wamempa dawa gani. Nikamweleza. Akaniambia mwanangu, majani mpikie kama mboga, ila vidonge vyake asiache hata siku moja, na siku ya kliniki amwambie daktari kwamba anakula mlonge, maana majani nayo yanaweza kushusha presha na ukijumlisha na vidonge inaweza kushuka kupita kiasi. Nikamuuliza mizizi je, akasema mizizi siuzi, ina sumu. Yaani hela ipo mkononi mwangu na anakataa kuuza! Hapo ndo nilimuamini.

Nasema hivi kwa sababu nimeumia sehemu nyingine. Kuna mtu, simtaji, aliniuzia mche wa atemisia akaniambia chai yake inamaliza malaria, hakuna haja ya dawa ya mseto ya hospitali. Mtoto wa dada yangu akapata homa tukampa ile chai siku mbili, homa ikashuka tukafurahi, siku ya tatu ikarudi kali kuliko mwanzo, kumpeleka zahanati kupima ni malaria, akapewa mseto ndo akapona. Nikikumbuka ile siku mpaka leo roho inaniuma. Ni kweli dawa ya mseto asili yake ni mmea ule, yule mama wa Kichina Tu Youyou alipewa Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, lakini kwenye kikombe cha chai huwezi kujua dawa imeingia kiasi gani, ikiwa kidogo vimelea havifi vyote na vinaanza kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani lenyewe haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ile. Mtoto akichemka kapimeni jamani, chai baadae.

Tuje kwenye miche. Mchaichai buku moja, nilipewa vipande vitatu vyenye mizizi mizuri, nikapanda hapa Shangani kwenye kichanga hiki hiki cha pwani, nimechanganya samadi ya mbuzi tu, miezi miwili kimekuwa kichaka mpaka majirani wanakuja kukata. Mlonge 1,500, alinisisitiza nipande moja kwa moja sehemu ya kudumu kwa sababu mzizi wake unaenda chini sana haupendi kuhamishwa, na ukifika kama mita moja nikate ncha utoe matawi. Mmoja nilikata mmoja nikasahau, tofauti inaonekana, uliokatwa una majani tele unachuma umesimama, ule mwingine umepanda juu na majani yako huko huko. Mama sasa anakula ugali wa muhogo na mlonge wa nazi na hanunui tena vile vifuko.

Kingine nilichopenda, yule mama wa kitalu hapandi kwenye viroba vya salfa. Huku kwetu mwenye mikorosho viroba hivyo haviishi nyumbani na watu wanajaza udongo wanapanda mboga humo humo, yeye hataki kabisa, kitu unachoenda kunywa usikioteshe kwenye kiroba cha dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Pia aliniambia nisiweke maganda ya korosho kwenye shina kama matandazo, mafuta yake yanababua ngozi, niweke nyasi kavu. Na kukausha ni kivulini kwenye ungo, sio juani, mpaka jani likivunjwa linalia, kisha unaweka kwenye kopo lenye mfuniko. Wakati wa mvua likionekana na ukungu tupa lote.

Mabaya yapo. Mnanaa nilinunua mitatu ikafa miwili, nilipoichomoa haikuwa na mizizi ya maana, ilikatwa juzi tu ikachomekwa, mimi nasema angesubiri wiki mbili tatu ndo auze. Rozimari buku tatu nayo ilioza mvua zilipokolea, ile inataka pakavu, na hakunionya, wakati kwenye mlonge alinieleza kila kitu. Halafu haweki alama kwenye viriba, mara ya pili nilibeba kivumbasi nikidhani ni mrehani, mpaka nafika nyumbani ndo nasikia harufu. Sikurudisha, nimekipanda karibu na dirisha, jioni nafikicha majani mbu wanapungua kidogo, ingawa chandarua tunalalia kama kawaida. Shubiri yake iko vizuri, ila ukikata acha ule utomvu wa njano umwagike kwanza, unaharisha, na mjamzito asinywe.

Bei zake kwangu ni za haki, ukichukua mitano anakupunguzia. Hana lipa namba kwa hiyo beba keshi, na beba boksi lako maana kwenye bajaji miche inavunjika. Ijumaa mchana usiende, anafunga anakwenda kuswali, anarudi kama saa tisa. Manjano na tangawizi kaniambia nimfuate mvua zikikaribia, nimeshamuwekea oda ya vipande kumi.