Tahadhari: Matapeli wanaojifanya wenye hoteli za familia Marangu, Machame na Uru

Ndugu zangu mnaopanga kuja Kilimanjaro pamoja na watoto, hasa ninyi mnaotoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza na mnaopenda kulala huku milimani badala ya Moshi mjini, naomba msome tahadhari hii kabla hamjatuma fedha kwa mtu yeyote. Kuna kurasa za Instagram na makundi ya WhatsApp yanayotangaza hoteli za familia zenye bustani, bembea, bwawa la kuogelea na vyumba vinavyotazama mlima. Baadhi ya hoteli hizo hazipo kabisa, na nyingine zipo lakini anayezitangaza hana uhusiano wowote na mwenye mali. Anachokitafuta ni arubuni, yaani malipo ya awali, na akishaipata, pengine mara mbili, hapokei tena simu yako wala hasomi ujumbe wako.

Familia ya kaka yangu ndiyo iliyopatikana safari hii: yeye, wifi yangu, watoto wao wadogo na mama mkwe wake ambaye magoti yanamsumbua. Walitaka nyumba tulivu Marangu, yenye chumba cha chini kwa ajili ya bibi na uwanja wa watoto kuchezea. Aliyewajibu alikuwa na adabu na alionekana kuijua kazi yake. Aliuliza umri wa kila mtoto, akauliza kama bibi anatumia dawa zinazohitaji jokofu, akaahidi uji wa asubuhi. Akaomba nusu ya gharama ili avizuie vyumba. Baada ya kuipokea aliomba fedha nyingine, akiziita dhamana ya vitanda vya watoto na ulinzi wa bwawa, na akasema zingerudishwa siku ya kuwasili. Mzazi anayefikiria usalama wa mwanawe karibu na maji hawezi kubishana sana juu ya jambo kama hilo, na tapeli analijua hilo vizuri. Walipofika stendi ya Moshi jioni, dereva waliyeahidiwa hakuwapo na simu ya mwenyeji ilikuwa imezimwa. Wao walikuwa na ndugu wa kuwapokea mjini. Nawafikiria wale wasiokuwa na mtu.

Familia ndizo zinazowindwa zaidi, na sababu iko wazi. Kijana anayesafiri peke yake anaweza kufika kwanza na kutafuta chumba baadaye, lakini mwenye watoto na wazee hutaka uhakika mapema, hukodi vyumba viwili au vitatu kwa pamoja, na hulipa kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja. Desemba hali huwa mbaya zaidi. Wachaga wanarudi nyumbani kula Krismasi, mabasi yanajaa, na nyumba nzuri za kulala wageni huwa zimeshachukuliwa mapema, kwa hiyo mtu akikuambia kwamba bado ana vyumba viwili vilivyoungana, kwa bei iliyo chini ya wenzake wote, na kwamba kuna familia nyingine inayovisubiri usiku huo huo, unajiona umebahatika na unaharakisha kulipa. Haraka hiyo ameitengeneza yeye. Mwenye hoteli wa kweli anaweza kukuambia vyumba vinakaribia kujaa, lakini hatakasirika ukisema utampigia kesho baada ya kuulizia.

Nimeyarudia mazungumzo yote kwenye simu ya kaka yangu, na ishara zilikuwapo tangu mwanzo, ila zilihitaji jicho la mwenyeji, na ndiyo maana naziandika hapa kwa ajili ya wageni. Tangazo lilisema hoteli iko “Marangu, Wilaya ya Hai, dakika kumi na tano kutoka Moshi mjini”. Marangu haiko Hai. Iko Wilaya ya Moshi, upande wa Vunjo, na Hai ni upande wa Machame, ng’ambo nyingine kabisa. Kutoka Moshi mjini hadi Marangu Mtoni ni takriban kilomita 40, unapitia Himo na kisha unapanda, na hakuna gari linalozimaliza kwa robo saa. Zaidi ya hapo, mtu huyo aliwaelekeza wasafiri wanaotoka Dar es Salaam wateremke stendi ya Moshi, wakati basi hilo linapita Himo kabla halijafika Moshi, na mwenyeji yeyote wa Marangu angewaambia washukie Himo ili wasiende mbele na kurudi nyuma na watoto waliochoka. Kwa hiyo swali la kwanza ninalowashauri mumwulize anayejiita mwenye hoteli ni hilo hilo la kawaida: nikitoka kwangu kwa basi, nishukie wapi, nipande gari gani, na kijiji chenu kinaitwaje? Anayeishi huku atakujibu bila kusita, hata atakutajia kanisa, shule au soko la jirani. Asiyeishi huku atakutumia tu alama ya ramani na kukuambia usiwe na wasiwasi.

Picha nazo zina mengi ya kusema. Ukiutazama mlima ukiwa Moshi au Marangu, yaani upande wa kusini, Kibo yenye theluji inakuwa kushoto kwako na Mawenzi yenye miamba iliyochongoka inakuwa kulia. Picha inayoonyesha Mawenzi kushoto, huku mbele yake kuna mbuga tambarare na tembo, imepigwa upande wa Kenya, kule Amboseli, au imegeuzwa. Haiwezi kuwa imepigwa kutoka roshani ya hoteli ya Marangu. Katika ukurasa ule kulikuwa pia na picha ya watoto wakikimbia katikati ya mashamba ya chai. Mteremko wetu ni wa migomba na kahawa. Chai mtaiona Usambara, Mufindi, Njombe na Rungwe. Kisha kuna ahadi ya kuiona theluji dirishani mchana kutwa, ambayo hakuna mwenyeji mkweli anayeweza kuitoa, kwa kuwa mlima hufunikwa na mawingu sehemu kubwa ya mchana na mara nyingi hufunguka alfajiri na jioni. Kama hamjui mlima wetu, ipitisheni picha kwenye Google Lens muone imetumika wapi kabla. Picha moja ya bwawa lile imekutwa kwenye tangazo la hoteli ya nchi nyingine.

Tuje kwenye fedha, ambako ndiko kwenye jambo lenyewe. Unapotuma fedha kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Kaka yangu aliona jina la mtu binafsi, akauliza, akajibiwa kwamba ni mhasibu wa hoteli na kwamba lipa namba yao ina matatizo ya mtandao. Jibu hilo ndilo linalotolewa kila mara, na kwangu mimi lingetosha kuvunja mazungumzo. Hoteli inayofanya biashara halali ina lipa namba au akaunti ya benki inayosomeka kwa jina la biashara, ina leseni, na inatoa risiti ya mashine ya EFD. Nyumba inayopokea watalii inapaswa pia kuwa na leseni ya biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na jina la kampuni au la biashara linaweza kutafutwa kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao. Si utovu wa adabu kuomba picha ya leseni. Tena ombeni na linganisheni: jina lililo kwenye leseni, jina lililo kwenye bango la getini na jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa yanapaswa kuwa ya biashara moja.

Sisemi kwamba kila anayeomba arubuni ni mwizi. Nyumba nyingi nzuri za huku ni za familia, zina vyumba vichache, na mwenye nyumba aliyewahi kuwekewa vyumba vya Krismasi na mgeni asiyetokea ana haki ya kudai sehemu ya malipo. Ninachokataa ni kulipa kabla ya kuthibitisha. Tafuteni namba ya hoteli kwa njia nyingine, si ile iliyo kwenye tangazo, mpige, mwulize kama mtu anayewaandikia anajulikana pale. Wako matapeli wanaochukua jina na picha za hoteli ya kweli na kubadilisha namba ya simu tu, na simu moja ya namna hiyo ndiyo inayowafichua. Ombeni simu ya video wakati wa mchana, na mwombe mpokeaji atoke getini, apite uwanjani, aingie kwenye chumba chenu na kufungua bomba la maji ya moto bila kukata simu. Video iliyorekodiwa haitoshi, maana inaweza kuwa ya mtu mwingine. Na kama mnamfahamu mtu yeyote mwenye kwao huko, hata kama ni jirani yenu wa Mbezi au Tabata, mpigieni. Vijiji vyetu vina watu wanaojuana, mwenyekiti wa kitongoji anazijua nyumba zote za wageni katika eneo lake, na swali linaloonekana gumu ukiwa mbali hujibiwa huku kwa simu moja.

Lipo kundi la pili ambalo si la wezi moja kwa moja, lakini linawaumiza wazazi vilevile. Hawa wana nyumba kweli, ila neno “familia” wameliweka kwenye tangazo kwa sababu linauza. Huku ni mteremkoni. Nyumba nyingi zimejengwa ukingoni mwa makorongo, zina ngazi za mawe zinazoteleza mvua ikinyesha, na mfereji wa maji unaweza kupita katikati ya bustani. Mtu mzima atafurahia mandhari hiyo, lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kuachwa hapo hata kidogo. Ulizeni kama korongo limezungushiwa uzio, kama roshani zina vizuizi ambavyo mtoto hawezi kupenya, kama bwawa lina geti linalofungwa, na kama kuna chumba kisicho na ngazi kwa mzee. Ulizeni kama kuna baa inayopiga muziki usiku. Moshi mjini ni joto, lakini lango la Marangu liko takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti huku ni baridi ya kweli. Maji ya moto na blanketi za kutosha ni mahitaji ya lazima kwa watoto. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara kuu za kwenda Marangu na Machame ni za lami, lakini njia za ndani za udongo zinazoelekea hoteli zenyewe huwa tope, na gari dogo linaweza kushindwa kupanda. Jueni pia hospitali iliyo karibu kabla hamjaihitaji: kuna Kilema upande wa Vunjo, Kibosho, Machame, na KCMC mjini Moshi. Mpokeaji asiyeweza kuwaambia ni umbali gani hadi hospitali hajawahi kufikiria watoto, hata kama ametundika bembea.

Kwa aliyekwisha kutuma fedha, muda ni jambo kubwa. Piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia na uombe muamala uzuiwe, kwa sababu fedha ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji kuna nafasi ya kuokolewa, lakini akishaitoa kwa wakala nafasi hiyo imekwisha. Usifute mazungumzo kwa hasira. Yahifadhi yote, pamoja na ujumbe wa muamala, jina lililotokea, namba zote zilizotumika na picha za ukurasa wenyewe, kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu udanganyifu wa namna hii, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba iliyopokea fedha ina jina nyuma yake hata kama ni la mtu aliyeazimwa laini yake au aliyelaghaiwa. Namba ya tapeli iripotiwe pia kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeiweka kwa kazi hiyo. Kaka yangu ameyafanya hayo yote, na shauri liko polisi, ndiyo maana sitaji hapa jina la mtu wala namba.

Ukurasa uliowatapeli umeshabadilisha jina, lakini picha ni zilezile: watoto kwenye shamba la chai, bwawa lenye vigae vya buluu na miavuli myeupe, na Kilimanjaro ambayo Mawenzi yake iko kushoto. Safari hii inasema hoteli iko Machame. Mkiiona, msibishane na mwenye ukurasa; ripotini ukurasa huo kwa mtandao husika, na mwambieni yeyote mnayejua kwamba anatafuta vyumba vya Krismasi.