Notisi ya siku 30 iliyogeuka siku 57: kujitoa katika jimu moja ya Malindi

Nilikuwa mwanachama wa jimu hii ya Malindi kwa miezi 14, na sababu ya kujitoa haikuwa kuchukizwa nayo. Mwezi wa Agosti nilipata barua ya uhamisho wa kwenda kufundisha Lamu kuanzia muhula wa tatu, na kutoka Malindi hadi Mokowe, ukipitia Garsen na Witu, kisha uvuke kwa boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, si safari ambayo mtu ataifanya kila siku ili akanyanyue vyuma.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ukumbi ni safi, mashine za kukimbilia zikiharibika hutengenezwa upesi, na saa za wanawake pekee, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, huheshimiwa kikamilifu, hata mlango hufungwa na mwalimu wa mazoezi huwa ni mwanamke. Kwa sisi tunaovaa hijabu jambo hilo lina uzito mkubwa, na ndilo lililonifanya nilipe shilingi 3,500 kila mwezi bila kunung'unika. Ningeandika mapitio mafupi ya sifa tupu kama nisingelazimika kuondoka.

Tarehe 4 Agosti nilipeleka barua ya kujitoa mapokezini. Mkataba niliotia sahihi unasema kwamba mwanachama anayelipa kwa mwezi atatoa notisi ya siku 30 kwa maandishi. Siupingi utaratibu huo, kwa sababu mwenye jimu ana kodi ya nyumba, mishahara na umeme wa kulipia, na ni haki yake kujua mapema kwamba mapato fulani yatakoma. Nilihesabu kuanzia tarehe 5, nikaona kwamba notisi yangu ingemalizika tarehe 3 Septemba, kwa hiyo nilikuwa nadaiwa siku tatu tu za mwezi huo, ambazo ni shilingi 350.

Kijana wa mapokezi aliisoma barua, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, notisi yako itaanza tarehe mosi Septemba, kwa hiyo utalipa mwezi wote." Nilipomwuliza jambo hilo limeandikwa wapi, alinionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya kaunta, chini ya kalenda, ambayo mwanachama aliyesimama upande wa wateja hawezi kuisoma bila kuinama juu ya meza. Ilisema kwamba notisi zote huhesabiwa kuanzia mwanzo wa mwezi unaofuata. Katika mkataba wangu, ambao niliusoma tena pale pale kaunta ukurasa kwa ukurasa, hapakuwa na neno hata moja kuhusu mwanzo wa mwezi. Kwa hesabu ya karatasi ile, siku 30 zangu ziligeuka 57, na mtu anayepeleka barua tarehe 2 ataumia zaidi kuliko anayeipeleka tarehe 30, ingawa wote wawili wametia sahihi mkataba mmoja.

Hapo ndipo penye kosa, na nalisema kwa uzito wote: muda wa notisi ni ule uliokubaliwa kwa sahihi, wala haurefushwi na tangazo la ukutani. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma anayoilipia, tena tunayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Isitoshe, mkataba wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza kitupu, katika mji ambao karani, mwalimu wa mazoezi na karibu kila mwanachama huzungumza Kiswahili tangu mlangoni. Mama mmoja tuliyekuwa tukifanya naye mazoezi alinieleza kwamba alitia sahihi kwa kuamini alichoambiwa kwa mdomo, na hakuna aliyemtajia notisi.

Sikugomba na yule kijana, kwani si yeye aliyeitunga kanuni. Nilimwomba agonge muhuri na kuandika tarehe kwenye nakala yangu ya barua, na nakala hiyo ndiyo iliyoniokoa. Ada yangu ilikuwa ikikatwa yenyewe kila tarehe mosi kupitia M-PESA Ratiba, na baadhi ya wenzangu walinishauri niifute siku ile ile. Sikufanya hivyo, kwa kuwa bado nilikuwa na deni la siku tatu na sikutaka kuonekana mdaiwa aliyekimbia. Tarehe mosi Septemba shilingi 3,500 zilikatwa, na hapo hapo nikaifuta Ratiba kwenye simu, kwa maana barua ya kujitoa haiisimamishi. Usipoifuta mwenyewe, itaendelea kukata.

Kisha nilimwandikia meneja, nikaambatisha picha ya kifungu cha mkataba na ya ule muhuri, nikadai shilingi 3,150 zilizozidi. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba hiyo ndiyo kawaida yao. La pili, baada ya kumwuliza ni ukurasa gani wa mkataba unaoitaja kawaida hiyo, lilichelewa siku tisa, lakini lilikuja pamoja na fedha zangu zote na neno la samahani, nami nimelipokea.

Kwa mazoezi naipa nyota nne, kwa namna inavyoagana na wanachama wake naipa mbili. Anayetaka kujiunga nayo ajiunge, ila kabla ya kutia sahihi aombe tarehe ya kuanza kwa notisi iandikwe kwa kalamu kwenye nakala yake. Nitakaporudi Malindi likizo ya Desemba nitalipa ya siku, kama wanavyoruhusu, na jambo la kwanza nitakaloangalia ni kama ile karatasi bado iko nyuma ya kaunta.