m-mama, namba 115: maoni ya dereva wa Probox

Wanaoisifu m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na vichanga, mara nyingi ni kina mama waliobebwa. Mimi niko upande wa usukani. Nina Probox, kijiwe changu ni Nyehunge, Sengerema, na ni mmoja wa madereva ngazi ya jamii tulioandikishwa. Naipa nyota nne.

Unapiga 115 bure, hata simu ikiwa haina salio. Anayepokea anauliza maswali yake: mimba ina miezi mingapi, damu inatoka, kichwa kinamgonga, amedondoka kifafa? Ikionekana ni dharura wanatafuta gari la wagonjwa, na likiwa mbali au limeshatoka ndipo simu yangu inalia. Uchungu wa kawaida haumo, na hapo watu wengi hugombana na simu bure.

Watu wa Dar wanadhani hili ni jambo la juzi kwa sababu Rais Samia alilizindua kitaifa mwaka 2022. Huku Sengerema, na wenzetu wa Shinyanga, lilianza 2013.

Uzuri wake mkubwa ni hela. Zamani maongezi ya saa nane usiku yalikuwa ya bei. Mume ameshika kadi ya kliniki, dereva anataka ya mafuta kwanza, mtoto anatumwa akamwamshe baba mkubwa aliyeuza ng'ombe mnadani, na mgonjwa yuko pale chini anasikia yote. Msitulaumu sana madereva, sheli hawapokei huruma. Sasa nauli imeshapigwa hesabu kwa umbali na familia haitoi hata shilingi. Nesi wa kule ninakompeleka akithibitisha kwamba mgonjwa amefika, yangu inaingia kwa M-Pesa. Ujumbe hunikuta bado nafuta siti.

Halafu hospitali inakuwa imeshaambiwa. Kuna mama nilimchukua zahanati, amejifungua salama lakini kondo limegoma kutoka na damu haikati. Tulilaza siti za nyuma, mkwewe akamshika mabega, nesi akaning'iniza dripu kwenye kishikio cha juu ya mlango. "Kaka, mashimo hayo taratibu, sindano itachomoka." Nikipunguza mwendo, yule mama mkwe ananiambia kimbiza. Tulipofika machela ilikuwa nje na daktari amevaa glovu tayari. Nani alikuwa anaona hivyo huku kwetu?

Rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza mjini, nayo ilikuwa na mtihani wake Busisi. Kivuko kikiwa ng'ambo ya Kigongo, unazima injini unasubiri na mgonjwa wako. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu hivi za lami, dakika chache umevuka ziwa.

Nyota ya tano nimeizuia kwa makusudi. Huduma ni ya mjamzito, aliyejifungua hadi siku 42 na kichanga hadi siku 28. Kijana aliyeanguka na bodaboda, mzee aliyepooza ghafla, mkulima aliyeumwa na nyoka, hao wanapakiwa mshikaki kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili wa kumzuia asidondoke. Wenye namba yangu wananipigia, na yale maongezi ya bei yanaanza upya. Gari ni lilelile, barabara ileile, dereva mimi mimi. Wenye kupanga bajeti wapanue huu utaratibu, kazi ngumu ya kuujenga imeshafanyika.

Kwa mtakaopiga: "karibu na shule" siyo maelekezo, tajeni kitongoji, mashine ya kusaga, jina la mwenye duka. Mtu mmoja asimame barabarani na tochi. Na shemeji, ukiona nyuma yuko mgonjwa, nesi na mama mkwe, usilazimishe kupanda. Chukua bodaboda, utukute hospitali na kanga za mtoto.