Yadi hii ya boti ilinifungia koki mpya, nusura ituzamishe

Naandika nikiwa bado nina hasira kwa hiyo mnisamehe mapema kama nitarukaruka. Boti yetu ni ya tanga, faiba, futi 36, umri umeenda kidogo, ni ya kusafiria na kulala ndani, sio ya mashindano. Habari za urefu wa mlingoti na ukubwa wa tanga kila mtu anaweza kuzitafuta mwenyewe, mi sijaja hapa kwa hayo. Nimekuja kwa sababu ya kipande kimoja cha chuma kinachoenea kwenye kiganja, ambacho mpaka leo nakiweka kwenye droo na kila nikiifungua napandwa na presha upya.

Kama misimu mitatu hivi nyuma, au minne, tuliipandisha boti nchi kavu tukaamua safari hii tufanye kazi zote kwa mpigo maana kila mwaka tulikuwa tunaziba huku kunavuja kule. Waya za mlingoti zibadilishwe zote, betri za asidi zitoke ziingie za lithiamu, rangi ya chini, na koki zote tano za chini ya maji, zile valvu zinazofunga matundu ya boti, ziwe mpya. Zile za zamani zilikuwa ngumu kama zimechomelewa. Yadi tulisifiwa na watu wengi, na mwanzoni hata mimi niliwasifia watu wengine, hilo nakiri, kuna wawili wamepeleka boti zao pale kwa mdomo wangu na sasa nawakwepa.

Kwenye bili waliandika "koki na viungio, bronzi". Naomba mliweke hilo kichwani.

Sasa ilivyotokea. Tumetia nanga sehemu tulivu kabisa, asubuhi, mke wangu bado kalala, mimi nimeamka na wazo kwamba leo nabadilisha ule mpira wa sinki ya jikoni unaonuka. Kazi ya nusu saa. Unafunga koki, unalegeza klampu mbili, unavuta mpira, basi. Nikalala kifudifudi nikaingiza mkono, nikashika mpini wa koki nikageuza, ukaenda nusu ukakwama. Nikatia nguvu kidogo, mkono wa pili nimeshika mpira ili nipate egemeo. Nikasikia "tak". Sauti ndogo tu kama ya kuvunja biskuti. Nikabaki nimeshika mpira mkononi na kile kishingo cha koki, kiungio kinachovalishwa mpira, kiko ndani yake kimekatika kwenye thredi, na mbele ya macho yangu maji yanapanda kama chemchemi.

Kwa wasiojua hesabu zake, tundu la milimita 38 likiwa kama sentimita 60 chini ya usawa wa maji linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Letu lilikuwa nusu wazi kwa sababu koki imekwama katikati, nishukuru. Pampu yetu ya kutoa maji imeandikwa galoni 2000 kwa saa, kwenye karatasi hiyo ni kama lita 126 kwa dakika, lakini karatasi haina mpira mrefu unaopanda juu wala waya mwembamba, kwa hiyo toa nyingi tu hapo. Yaani ilikuwa inasukuma maji na maji yanaisukuma yenyewe. Wazee wa baharini wanasema enda tezi enda omo, marejeo ngamani, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimepiga magoti humo humo ngamani, chini kabisa ya boti, na maji yanakuja kwenye mapaja.

Na hapa ndipo panaponiuma kuliko pote. Mimi kila koki nilikuwa nimeifungia kizibo chake cha mti, kile cha umbo la pia, kwa kamba fupi, pale pale pembeni, ili siku kama hii hata gizani unapapasa unakipata unakigongelea ndani. Nikanyoosha mkono. Hakipo. Kamba haipo. Nikakimbilia koki ya choo, hakipo. Kumbe wakati wa kusafisha walivikusanya vyote vitano wakavitupa, eti uchafu! Na mimi nimelala na hiyo boti misimu yote hiyo sijui. Mtu anakulipisha akufungie koki halafu anakutupia kitu pekee kitakachokuokoa koki ikifa.

Mke wangu ndiye aliyetuokoa, niseme ukweli. Mimi nilikuwa nimeziba kwa kiganja naguna tu. Akaja na mwiko mkubwa wa mti, akauvalisha soksi yangu ya sufu kwenye mpini, akaniambia "sogea", akaukandamiza. Maji yakapungua yakawa kama bomba la bafu. Nikachukua nyundo ya mpira nikaanza kuugonga mpini wa koki pole pole, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka ukaachia na kufunga. Kimya. Tukakaa wote wawili kwenye ngazi tumelowa hatuongei, pampu inaendelea kunguruma. Halafu akauliza, "Hizi si ndo zile mpya?"

Sasa kile kishingo. Nilikikwangua kwa kisu. Bronzi au brasi nzuri ukiikwangua ndani unaona njano safi. Hiki kilikuwa na rangi ya waridi mpaka kati, na ukikiminya kwa koleo kinamomonyoka. Ni brasi ya kawaida (shaba na zinki), ile ya mabomba ya nyumbani, na kwenye brasi ya namna hiyo zinki inafika karibu asilimia 40. Ikikaa kwenye maji ya chumvi zinki inajichomoa taratibu inaacha shaba tupu yenye vitundu kama sponji, na ubaya wake ni kwamba kwa nje haionyeshi kitu, umbo liko vile vile, thredi ziko vile vile, nguvu ndo hamna. (Na usihangaike na sumaku, nilishajaribu, brasi na bronzi zote haishiki.) Penye thredi ndipo chuma kilipo chembamba zaidi kwa hiyo ndipo panapokatika.

Basi nikarudi yadi na kishingo changu kwenye mfuko wa nailoni. Sikwenda kugombana, wallahi. Nilikwenda nikiamini mtu akikiona tu atasema jamani pole, lete boti. Msimamizi alikuwa amekaa, hakunyanyuka, hakukigusa hata. Akaniuliza, "Koki ulikuwa unazigeuza kila mwezi?" Nikasema sio kila mwezi. Akasema "Ahaa" na akageukia simu yake. Nikamwambia mzee, tuongelee hiki kilichokatika, sio koki. Akasema koki ni nzuri, ina alama ya CR, yaani hailiwi na kutu, nenda kaangalie. Nikamwambia alama iko kwenye koki, haipo kwenye kishingo, na mlichokatia bili ni bronzi. Akacheka akawaambia wenzake, "Jamani mtaalamu wa intaneti amefika." Wakacheka wote. Na mimi na umri huu nimesimama pale na mfuko wa nailoni kama nimeleta sampuli hospitali.

Nimekuwa nikilirudia hilo neno mtaalamu kichwani kila usiku. Ningemjibu hivi, ningemjibu vile.

Kwa haki nikaenda nikaangalia, na koki kweli zina alama ya CR. Zote tano. Koki zenyewe ni za brasi iliyorekebishwa isipoteze zinki, sio bronzi kama bili ilivyosema lakini zinakubalika na boti nyingi zinazo. Kwa hiyo hapo msimamizi hakusema uongo, alisema ukweli wa nusu, na ukweli wa nusu ndo uliomfanya ajiamini vile. Ukinunua koki nzuri halafu ukafunga juu yake kishingo cha mabomba ya nyumbani umefanya nini sasa? Kulikuwa na kiwango cha kimataifa, ISO 9093, kile cha 1994, kilichokuwa kinahesabu chuma kuwa hakiliki na kutu kama kitakaa miaka 5 bila hitilafu. Miaka 5 tu, kwa kitu kilicho chini ya maji na chini ya kitanda chako! Na hiki hata hiyo 5 hakikufika.

Wakati natoka getini kijana mmoja wa pale akanifuata kama anaenda dukani, akaniambia kwa chini, "Kaka samahani, za bronzi ziliisha siku ile, tukaambiwa tufunge zilizopo." Akaondoka. Sitasema alikuwa amevaa nini wala anafanya kitengo gani maana najua wanasoma hapa.

Kwa hiyo nyota moja. Nilitaka niweke sifuri ikakataa.

Lakini sasa subirini, maana kuna upande ambao nikiuficha nitakuwa kama msimamizi. Fundi wa mlingoti wa yadi hiyo hiyo, mtu mzima mmoja mpole anayeongea peke yake akifanya kazi, ndiye aliyekuwa anabadilisha waya. Kazi yake ilikuwa waya tu. Yeye mwenyewe, bila kuombwa, akasema hapendi mstari mdogo wa kutu unaotoka chini ya lile bamba la stenlesi linaloshika waya wa upande wa kulia. Akaling'oa. Pale linapopita kwenye deki, mahali ambapo hakuna jicho linafika, lilikuwa na ufa unaingia ukucha wa kidole. Stenlesi ina tabia hiyo, ikikaa kwenye unyevu uliobanwa bila hewa inaliwa kwa siri huku juu inang'aa. Angelifunga tu waya mpya kwenye bamba bovu nisingejua, na siku ya upepo mlingoti ungelala majini. Alinipigia simu nije nione kwa macho yangu, akanishikisha, "weka kucha hapa, unasikia?" Akalibadilisha, akaziba deki upya, hakuongeza siku hata moja. Hiyo ndiyo kazi. Huyo ningempa nyota saba.

Umeona sasa tatizo langu. Yadi moja, msimu mmoja, mlango mmoja, huyu kaniokolea mlingoti na wale wamenitoboa chini.

Betri wala sizungumzii sana, ziko sawa, waliweka kifaa katikati ili altaneta isiungue kwa kusukuma chaji nyingi kwenye lithiamu, wengi hawafanyi hivyo, hongera yao. Rangi ya chini ya kawaida.

Na kuhusu kugeuza koki kila mwezi, haya, nakubali. Sikuwa nageuza. Ingekuwa inageuka vizuri nisingeivuta kwa nguvu, na kishingo kingekatika siku nyingine. Siku nyingine ipi lakini? Usiku? Tukiwa hatupo? Nikifikiria hivyo naona bora kilikatika mkononi mwangu, halafu nakumbuka ile "Ahaa" yake hasira inarudi palepale. Mtu anaweza kuwa na hoja na bado akawa hana adabu.

Vishingo vinne vilivyobaki nimevitoa mwenyewe juzi juzi boti ilipokuwa juu kwa siku mbili kwa jirani. Viwili vilikatika kwa mkono, sikutia hata spana. Cha tatu kilikuwa waridi nusu. Cha nne, cha choo, kilikuwa njano safi kabisa kama jana, na hicho ndo kinanichanganya, maana vilitoka boksi moja siku moja. Au hakikutoka boksi moja. Labda kabla za bronzi hazijaisha kilikuwa kimebaki kimoja.

Mwezi ujao inabidi waya zikaguliwe, na yule mzee wa mlingoti bado yuko pale pale. Nimeshapiga simu, aliyepokea ni msimamizi mwenyewe, nikasema nataka fundi wa mlingoti tu, chini ya deki mtu asishuke. Akasema "sawa mtaalamu". Kwa hiyo nyota mbili. Mbili na nusu, kwa ajili ya mzee.

Vizibo nimechonga vipya vitano nimevifunga kila kimoja na koki yake. Cha kwenye sinki nimekiandika jina la msimamizi, ili siku nikikihitaji nikigonge kwa moyo wote.