Dume la mbegu: kwa macho au kwa jeni?

Wafugaji wa Masisi, wale wanaotuletea jibini hapa Goma, huchagua dume la ng'ombe kwa macho: mgongo ulionyooka, mama mwenye kiwele kipana. Ni ujuzi wa kweli, nauheshimu sana. Ila dume hakamuliwi. Ujue maziwa ya uzao wake, ungoje mitamba yake ikue, ipandwe, izae: miaka inakwisha.

Ramani ya jeni, yaani vinasaba vya urithi, inafupisha kungoja huko. Jenomu ya ng'ombe, yaani mkusanyiko wa jeni zake zote, ilichapishwa 2009, kutoka kwa jike wa aina ya Hereford aitwaye Dominette: jeni takriban 22,000. Leo nywele za mkia wa ndama, zikiwa na mizizi yake, zatosha kumpima jeni na kukadiria maziwa ya uzao wake.

Lakini vipimo vingi vilijengwa juu ya ng'ombe wa maziwa aina ya Holstein, wa Ulaya na Marekani. Kwa ng'ombe wetu wa Ankole, ningeanza na jicho la mchungaji.