Lenzi ya 50mm kwenye harusi na vichochoro vya Lamu: uzoefu wangu

Wasichana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya picha hapa Lamu huniuliza sana kama Canon EF 50mm f/1.8 STM inafaa kununuliwa. Inafaa, ila usiinunue ukidhani itakutosha peke yake. Mimi naitumia kwenye kamera yenye sensa ya APS-C, ile ndogo, na kazi yangu kubwa ni upande wa wanawake kwenye harusi, ambako mpiga picha mwanamume haingii. Harusi zikipungua, napiga nyumba za wageni na milango.

Niliitafuta kwa sababu ya mwanga. Hina hupakwa usiku, ndani, watu wamekaa mkekani chini ya taa moja au mbili. Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, haifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi). Hii inafika f/1.8, na hapo mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Palipotaka shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya 1/10 ya sekunde, ambapo bi harusi akicheka kidogo tu picha imeharibika, sasa napiga kwa 1/100 na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ile ile.

Na hiyo 1/100 siitoki kirahisi nikiwa ndani ya nyumba. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za mirija na LED nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Ukipandisha shata hadi 1/1000, picha moja inatoka na michirizi ya giza, inayofuata imegeuka rangi, na mteja anadhani kamera yako mbovu. Ukikaa kwenye 1/100, kila picha inachukua mpepeso mzima na michirizi inatoweka. Spidi hiyo inatosha mkono pia: 50mm kwenye sensa hii inaona kama 80mm kwenye sensa kubwa, na desturi ni shata isishuke chini ya 1/80. Lenzi yenyewe haina kizuia mtikisiko, basi nabana viwiko mbavuni, nabonyeza nikiwa natoa pumzi.

Sasa usifurahie f/1.8 ukaiacha hapo usiku kucha. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa bi harusi, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita sita tu. Akigeuza uso kidogo, jicho la karibu liko safi na la pili limefifia. Kwa nyuso mimi hufunga hadi f/2.8 na kuongeza ISO. Chembechembe kidogo hazijawahi kumkera mtu, jicho lililofifia ndilo wanaloliona. Halafu chagua mwenyewe nukta ya fokasi, uiweke kwenye jicho la karibu. Ukiiachia kamera, itashika kikuba, kile kishada cha maua, kilichotangulia mbele na kuuacha uso.

Kwenye hina ndipo ninapoipenda zaidi. Inasogea hadi sentimita 35, na umbali huo fremu inachukua upana wa sentimita 11 hivi, kiganja kizima na vidole nusu. Hina ingali mbichi, imeinuka juu ya ngozi, ina mng'ao. Ukiwa karibu hivyo, kwa f/1.8 kinachotoka kali ni milimita mbili, ua moja la nakshi na basi. Nafunga hadi f/5.6, na mwanga nilioufuata umepotea tena! Hapo namwomba binti mmoja anishikie tochi ya simu kwa ubavuni, chini, ili kila mstari uangushe kivuli chake. Usikae upande wa taa. Somo wa bi harusi mmoja, yaani kungwi wake, alinitimua bila kuinua kichwa: "Mwanangu, sogea huko, waniziba mwanga." Alikuwa na haki, na upande alionisogeza ndio uliokuwa na picha.

Mota ya fokasi ina sauti ndogo. Kwenye vugo, ile ngoma ya wanawake harusini, hakuna atakayeisikia. Chumba kikiwa kimya na unarekodi video, itaingia.

Kwenye milango inanishinda. Mlango wa mita mbili na nusu, kamera ukiwa umeisimamisha wima, unataka urudi nyuma karibu mita sita ndipo uingie wote. Kichochoro gani cha mji wa kale kitakupa mita sita? Mgongo unagonga ukuta wa jirani mapema sana. Kwa 18mm mita mbili zinatosha, kwa hiyo lenzi ya zamani sijaiuza. Ile 50mm naibakizia nakshi, misumari na komeo. Picha za pwani ya mji pigeni asubuhi: mji unaelekea mashariki, kisiwa cha Manda kiko mbele, jua likichomoza linapiga kuta uso kwa uso. Huku karibu na ikweta jua hupanda wimawima, mwanga laini haukai. Alfajiri uwe umeshasimama mahali pako.

Lenzi hii haijazibwa dhidi ya vumbi wala maji. Kule Shela, kijiji cha ufukweni, upepo ukivuma, sibadilishi lenzi ufukweni hata kwa kuombwa. Mdomo wake hutokeza nje ukipiga kitu cha karibu, na hubaki hivyo ukizima kamera, kwa hiyo kabla ya kuzima lenga kitu cha mbali urudi ndani. Kikinga jua chake, ES-68, huuzwa kando. Kinunue, kitapokea vidole vya watoto badala ya kioo. Ukinunua mtumba, mulika tochi ndani utazame kama kuna nyuzi za kuvu, kuvu hupenda sana unyevu wa pwani. Mimi naiweka kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, na vifuko vya silika jeli.

Kwenye harusi naenda na kadi tupu, isiyo na picha ya nyumba nyingine. Nikimaliza kazi, mama wa bi harusi ndiye anayeamua zipi zibaki na zipi zifutwe, na hakuna inayopanda mtandaoni. Nyumba nyingi huniuliza hilo kabla hata ya bei.

Wenye kamera mpya za Canon za R, kuna RF 50mm f/1.8 STM iliyotoka 2020, haihitaji adapta. Anayepata harusi moja moja tu aazime kwanza, apige usiku mmoja wa hina, ndipo atoe pesa.