StarCraft: kampeni zote kwa mkupuo au kwa awamu?

Wapenzi wa magemu hapa Mbeya, hasa wa Mwanjelwa wenye kompyuta za mtumba, hawajamaliza ubishi huu.

StarCraft ya 1998, gemu la vita vya mikakati, ilikuja na kampeni tatu (mfululizo wa misheni zenye hadithi) ndani ya boksi moja: ya Terran (binadamu), na za Zerg na Protoss (viumbe wa sayari nyingine). Unalipa mara moja, basi. Kila upande ulikuwa na misheni kama 10 tu, lakini hadithi ilikamilika.

StarCraft II ikagawanywa mara tatu. Wings of Liberty, ya Terran, ilitoka Julai 2010. Heart of the Swarm, ya Zerg, Machi 2013. Legacy of the Void, ya Protoss, Novemba 2015. Miaka mitano na ushee kungoja hadithi moja! Tena Heart of the Swarm ilipotoka haikuchezeka kama huna Wings of Liberty. Hapo, kusema kweli, watengenezaji walitukamua.

Ila utamu uko huku. Terran peke yao wana misheni zaidi ya 20, na kila moja ina vituko vyake. Kuna ile ya lava: inapanda kila baada ya muda, na wachimba madini wako wasipowahi kukimbilia mwinuko, wanaungua wote. Unachagua kazi ya kuanza nayo, kisha malipo yake unaboreshea jeshi. Kwenye misheni 10 ungeyabana wapi yote hayo?

Mimi nachagua awamu, mradi zote zimeshatoka. Anayeanza leo ana bahati: tangu Novemba 2017 Wings of Liberty ni bure, gharama yako ni bando tu.